Mlango wa Kale: Utengenezwe, Ufunikwe, au Utupwe?

Kila nyumba yenye umri ina milango ya namna mbili. Uko mlango wa nje, ambao wapita njia huuona na kuusifu. Tena iko milango ya ndani, ya chumba cha kulala, ya ghala na ya jikoni, ambayo hakuna ajuaye hali yake ila wenyeji wenyewe. Mlango wa nje mtu huutunza kwa ajili ya macho ya watu. Milango ya ndani huonyesha anavyotenda pasipo kuonwa. Ndiyo maana, nyumba kuukuu inapofanywa upya, kazi ya milango ya ndani si kazi ya mikono tu. Ni swali la haki pia.

Swali lenyewe ndilo hili: mtu aliyekuta kitu cha zamani, kilichotengenezwa na mikono ya wengine, anadaiwa nini juu yake? Je, aweza kukitupa kwa sababu kimezeeka? Aweza kukifunika ili kipendeze macho? Au yampasa kukitengeneza, hata kama kazi ni ngumu na ujira ni mdogo? Na kama ameona ndani yake ubovu ambao wengine hawauoni, yampasa kumwambia nani?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye mbao na bawaba. Lakini ili lisibaki hewani, yafaa kulitazama kwanza katika nchi moja ambamo limeulizwa mara nyingi na kujibiwa kwa njia mbalimbali, nayo ni Uingereza.

1. Mlango wa zamani umeundwaje?

Katika miji ya Uingereza zingaliko nyumba nyingi zilizojengwa wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Ni nyumba za matofali, zilizoshikana ukuta kwa ukuta katika safu ndefu. Milango yake ya ndani mara nyingi ni ya msonobari, na mbao nyingi za namna hiyo zililetwa kwa merikebu kutoka nchi za pwani ya bahari ya Baltiki. Kipimo kilichozoeleka cha mlango wa ndani huko ni kama sentimita 76 kwa upana na sentimita 198 kwa urefu.

Mlango huo si ubao mmoja. Una miti miwili ya kusimama, mmoja upande wa bawaba, mwingine upande wa kitasa. Kati ya hiyo miwili imelazwa miti ya kukingama, juu, katikati na chini. Ncha za miti ya kukingama zimechongwa ndimi, na kila ulimi umeingia katika tundu lake, ukakazwa barabara. Nafasi zilizobaki, mara nyingi nne, zimezibwa kwa vibao vyembamba vilivyotiwa katika mifereji. Na hapa ndipo ilipo akili ya mafundi wa kale: vibao hivyo havikushikizwa kwa gundi wala kwa msumari. Vimeachwa huru ndani ya mifereji yake.

Kwa nini? Kwa sababu mti, hata ukiisha kukatwa miaka mia, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Ukinywa huvimba, ukikauka hunywea. Wala hauvimbi sawasawa pande zote: kwa urefu wake haubadiliki ila kidogo sana, bali kwa upana hubadilika sana. Kila akaaye katika nchi ya mvua kubwa amekwisha kuona mlango ukikwama wakati wa mvua na kufunguka kwa wepesi wakati wa kiangazi. Kama vibao vile vingalikazwa kwa gundi, vingalivutana na miti inayovizunguka hata kupasuka. Kwa kuwa vimeachwa huru, vimevimba na kunywea mara zisizohesabika, na mlango umebaki mzima.

Fundi aliyefanya hivyo jina lake limesahauliwa. Lakini fikira yake ingali inafanya kazi kila siku, nyumba kwa nyumba. Ajaye baada yake hakuti mbao tu. Anakuta shauri la mtu aliyefikiri kabla ya kukata. Basi deni la kwanza juu ya kitu cha zamani ni hili: kukifahamu kabla ya kukihukumu.

2. Je, kitu ni kibaya kwa kuwa ni cha zamani?

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, watu wengi wa Uingereza walizichoka nyumba za babu zao. Milango yenye vibao na mapambo hushika vumbi katika kila pembe, na mama wa nyumba hapati raha ya kuifuta. Watu wakatamani milango yenye uso mmoja laini, isiyo na pembe wala mfereji. Wakati ule alikuwako mtu mashuhuri, Barry Bucknell, aliyewafundisha watu katika televisheni ya BBC kutengeneza nyumba zao kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1962 alionyesha, juma kwa juma, jinsi nyumba moja kuukuu ya Ealing, katika London, inavyoweza kufanywa upya. Katika mafundisho ya siku zile, yake na ya wengine, mlango wa zamani ulipigiliwa hadibodi pande zote mbili, yaani ubao mwembamba uliofanywa kwa nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Kisha ukapakwa rangi. Kwa kazi ya saa chache mlango wa babu ulionekana kama umetoka dukani.

Je, watu hao walitenda dhambi ya uongo? La. Mwenye nyumba alijua kilichokuwa chini ya hadibodi, kwa maana aliipigilia mwenyewe. Wala Bucknell hakuwa fundi wa kubabaisha: yeye na Jack Holt ndio waliobuni mashua ndogo iitwayo Mirror, ambayo watu wa kawaida waliweza kuiunda nyumbani kwao. Kosa la wakati ule lilikuwa la namna nyingine. Watu walihukumu mlango kwa umri wake, si kwa hali yake. Hawakuuliza, "Je, ni mzima?" Waliuliza tu, "Je, ni wa kisasa?"

Miaka ikapita, mapenzi ya watu yakageuka. Wana na wajukuu walitaka tena milango ya kale. Wakang'oa hadibodi, na mara nyingi wakakuta mlango uko vilevile kama ulivyoachwa, una matundu ya misumari tu. Hapo walifurahi. Lakini katika furaha hiyo wengine waliingia katika kosa lililo kinyume cha lile la kwanza. Walitaka kuona mti mtupu, usio na rangi. Basi wakaipeleka milango kwa wenye mapipa makubwa ya soda kali, nayo ikatumbukizwa humo hata rangi yote ikayeyuka. Hawakujua mambo mawili. La kwanza, milango ile ya msonobari tangu siku ya kwanza ilikusudiwa kupakwa rangi. La pili, soda ile ikiyeyusha rangi huyeyusha pia gundi ya zamani, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Milango mingi ilitoka ndani ya pipa ikiwa imelegea viungo.

Habari hii ina fundisho. Aliyeudharau mlango aliufunika, nao ukapona. Aliyeupenda pasipo kuufahamu aliutumbukiza, nao ukalegea. Dharau si hekima, lakini mapenzi peke yake si hekima pia. Na iko kanuni moja inayowafaa wote wawili: mtu asipokuwa na hakika, achague kazi ambayo yule ajaye baada yake aweza kuifungua tena. Hadibodi yang'oka. Kiungo kilichoyeyuka hutengenezwa kwa taabu, na mlango uliochomwa moto haurudi.

3. Je, ni uongo kufunika ubovu?

Hapa swali linakuwa zito zaidi. Tuseme yuko seremala mwenye mke na watoto. Siku nyingi hajapata kazi. Mtu mmoja anamwita na kumwambia: "Nyumba hii naiuza. Milango minne ya ndani imeoza chini, na mwimo mmoja umeliwa. Usihangaike kuondoa kitu. Jaza mashimo kwa mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao, paka rangi, pawe pazuri. Mnunuzi anakuja Jumamosi." Na ujira anaotaja ni mzuri.

Seremala huyo aweza kujipatia sababu tatu za kukubali. Ya kwanza: "Mwenye mali ndiye aliyeagiza, yangu ni kutii." Ya pili: "Mnunuzi ana macho; na atazame mwenyewe." Ya tatu: "Nikikataa, mwingine atafanya, na watoto wangu watalala njaa." Yafaa kuzipima moja moja, kwa maana si sababu za mjinga.

Kwa ya kwanza: ni kweli, mlango ni mali ya mwenye nyumba, naye ana haki ya kuamua juu ya mali yake. Aweza kuutoboa, kuukata, hata kuufanya kuni. Lakini agizo hili si juu ya mlango. Ni juu ya mnunuzi, naye si mali ya mtu. Haki ya mwenye nyumba yaishia pale inapoanza haki ya mwingine ya kujua anachokinunua.

Kwa ya pili: macho ya mnunuzi ndiyo hasa kazi hii inayoyapofusha. Huwezi kumfunga mtu kitambaa usoni, kisha ukamlaumu kwa kujikwaa.

Kwa ya tatu: sababu hii ndiyo yenye uzito, wala haifai kuipuuza. Njaa ya watoto si hadithi. Lakini kwamba mwingine atafanya uovu hakuugeuzi kuwa wema. Kwaonyesha tu kwamba waovu ni wengi. Seremala huyu aweza kusema: "Niachie niondoe ubovu na kutia mti mpya, hata kama ni milango miwili tu kwa fedha ulizo nazo. Au nipake rangi, lakini mwambie mnunuzi chini pameoza, mpatane bei." Akikataliwa, itambidi aondoke mikono mitupu. Haisemwi hapa kwamba kesho yake atalipwa mara mbili kwa sababu ya unyofu wake. Huenda asilipwe. Jambo jema huwa jema hata pale lisipoleta faida. Kama lingekuwa jema kwa ajili ya faida tu, lingekuwa biashara.

Labda mtu atauliza: "Je, basi rangi yote ni uongo? Kila fundi hufunika mti kwa rangi." La, sivyo. Rangi juu ya mti mzima ni kama nguo juu ya mwili: huupamba na kuukinga. Rangi juu ya uozo ni kama nguo safi juu ya kidonda kisichoponywa. Tofauti haimo katika rangi. Imo katika kilicho chini yake, na katika nia ya anayepaka.

Kutengeneza kwa kweli ni hivi. Fundi huchokoa mti kwa ncha ya kisu. Palipo laini hukata, wala haachi kukata hata afikie mti mgumu. Kisha huchonga kipande cha mti wa namna ileile, na kukielekeza ili nyuzi zake zilale kama nyuzi za mti wa zamani, kusudi vivimbe na kunywea pamoja. Hukitia gundi, hukibana, na kikikauka hukipiga randa kiwe sawa na kingine. Mlango uliotengenezwa hivyo waweza kupakwa rangi hata kiungo kisionekane, na hakuna aliyedanganywa, kwani ubovu haupo tena.

Juu ya jambo hili mafundi wenyewe wana maoni mawili. Mwaka 1877, mwandishi na mchoraji William Morris pamoja na rafiki zake walianzisha London chama cha kulinda majengo ya kale. Walichukizwa na wale waliokwangua majengo na kuyapa sura ya uzee wa kubuni. Walifundisha kwamba kiraka kinapaswa kuwa kinyofu: mwenye kutazama aweze kutambua kipi ni cha kale na kipi ni kipya. Wengine husema kiraka kizuri ni kile kisichoonekana. Lakini wote wawili hupatana juu ya mambo haya: kiraka kiwe na nguvu ya kweli, na mwenye nyumba aambiwe kilichofanyika. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Na njia ya kiraka cha unga wa mbao haifiki mvua ya pili.

4. Je, fundi ana deni kwa wale ambao hawakumwita?

Mtu aweza kudhani kwamba kazi ya mlango ni jambo la watu wawili, fundi na mwenye nyumba. Lakini wako wengine ambao hawakuulizwa, nao ni watoto wanaocheza sakafuni.

Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, yale madini mazito ya kijivu, kwa kuwa rangi ya namna hiyo hudumu na hufunika vizuri. Lakini risasi ni sumu. Mwaka 1921, Shirika la Kazi la Kimataifa lilikubali huko Geneva mapatano, ya 13 kwa hesabu, ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa katika hali chache. Hata hivyo mahali pengi rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa miaka mingi. Marekani ilizikataza kwa nyumba za kukaa watu mwaka 1978. Leo Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba hakuna kipimo cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huinyonya mara 4 hata 5 kuliko mwili wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo ungali unakua.

Rangi hiyo ikiwa imetulia juu ya mlango, madhara yake ni kidogo. Fundi akiisugua kwa msasa mkavu, huifanya vumbi lisiloonekana, likajaa sakafuni, kitandani na katika vidole vya mtoto. Tena akiichoma kwa moto ili ibanduke, huwavutisha watu moshi wake. Kwa hiyo mlango wa zamani uliopakwa rangi mara nyingi na udhaniwe kuwa na risasi hata upimwe. Fundi mwenye haki huutoa nje, mbali na jiko na kisima. Huulowesha kwanza, ndipo akwangue polepole. Hutandaza kitu chini na kukusanya maganda yote. Huwaweka mbali watoto na mama wajawazito. Hunawa kabla ya kula, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Wala vipande vyenye rangi ya zamani havitiwi katika moto wa kupikia.

Kazi hiyo huchukua siku nzima zaidi, na hakuna ailipiaye. Mtoto hatashukuru, kwani hatajua kamwe aliponea wapi. Lakini deni kwa asiyejua ndilo linalompima mtu. Anayejua sharti amlinde asiyejua; elimu ya fundi si mali yake ya kumtajirisha tu, ni mzigo wake pia.

5. Mlango ufuate mwimo, au mwimo ufuate mlango?

Siku ya kupachika mlango uliotengenezwa huleta taabu nyingine. Nyumba kuukuu imetulia ardhini kwa miaka mingi, upande huu zaidi, upande ule kidogo. Miimo haisimami wima tena, na kizingiti cha juu kimeinama. Fundi mwanafunzi huchukua kipimo kimoja, hukata mlango kwa pembe nyofu, kisha hushangaa unapokataa kuingia. Fundi mzoefu hupima upana mahali patatu, juu, katikati na chini. Hupima urefu kushoto na kulia. Hupima pia toka pembe hata pembe. Kisha huukata mlango kwa kadiri ya mahali palivyo, si kwa kadiri ya mahali panavyopaswa kuwa. Huacha nafasi ya kama milimita 2 hata 3 kila upande na juu, ili mti upate pa kuvimbia. Matundu ya skrubu yaliyopanuka huyaziba kwa vijiti vilivyotiwa gundi, ndipo atoboe upya, ili bawaba zishike. Mlango mzito huupa bawaba tatu badala ya mbili.

Lakini randa nayo ina mpaka wake. Akikata sana upande mmoja, atafika kwenye ndimi za viungo, na mlango utapoteza nguvu. Mlango mwembamba sana kwa nafasi yake heri uongezwe kipande cha mti. Na mlango usiofaa nafasi ile heri utafutiwe chumba kingine kuliko kuchongwa hata kufa.

Tena yako mambo ambayo randa haiwezi kuyatibu. Kama mlango ulikwama mwaka jana ukakatwa, na mwaka huu umekwama tena, na juu ya kizingiti umeonekana ufa unaopanuka, basi kosa halimo mlangoni. Msingi unazama. Kuendelea kupiga randa ni kufunika, ingawa hakuna rangi. Ni kuutendea mlango kosa la ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa namna hii huzibwa kuanzia chini. Watu wengi hutenda vivyo hivyo katika jamaa zao: kila mwaka humrekebisha aliye dhaifu, apungue hapa, ainame pale, ili asiguse aliye na nguvu, wala hakuna anayeuliza kama kosa limo katika msingi.

6. Je, kila cha zamani kihifadhiwe?

Yaliyosemwa yasimfanye mtu kuabudu mbao. Kuna wakati ambapo haki yenyewe inataka mlango wa zamani uondoke.

Katika Uingereza, nyumba ya kale ya ghorofa mbili inapoongezwa vyumba chini ya paa, milango inayofunguka upande wa ngazi hutakiwa kuwa na nguvu ya kuzuia moto kwa muda, ili waliolala juu wapate kushuka. Vile vibao vyembamba vya mlango wa Victoria, vilivyo hodari mbele ya unyevu, huungua upesi mbele ya moto. Hapo uzuri wa kale hauna la kujitetea. Mlango waweza kuimarishwa kwa njia zilizopimwa, au kuhamishiwa chumba kisicho na hatari. Lakini kama haiwezekani, maisha ya watu hutangulia kazi ya mikono, hata iwe nzuri namna gani. Vivyo hivyo mlango ulioliwa na mchwa hata viungoni hauna tena kitu cha kutengenezwa. Kuurudisha nyumbani ni kuwaita mchwa kwa karamu ya pili.

Na maskini asilaumiwe. Siku hizi huuzwa milango myepesi ya karatasi mbili za mbao, yenye utupu ndani uliojazwa vipande vya karatasi ngumu. Haiwezi kutengenezwa ikiharibika, wala haidumu kama ile ya kale. Lakini baba mwenye fedha kidogo, ambaye watoto wake wanahitaji mlango kabla ya mvua, akinunua mlango huo hakutenda ubaya. Ubaya ni kutupa kizima kwa sababu tu jirani ana kipya.

Maneno ya kukumbuka

Swali: Mtu aanze wapi mbele ya kitu cha zamani?
Jibu: Aanze kwa kukifahamu: kimeundwaje, kipi ni kizima, kipi kimeoza.

Swali: Kufunika ni uongo lini?
Jibu: Ni pale kunapofanywa ili mwingine asijue jambo alilo na haki ya kulijua.

Swali: Mtu asipokuwa na hakika, afanye nini?
Jibu: Afanye kazi ambayo ajaye baada yake aweza kuifungua na kuisahihisha.

Swali: Fundi ana deni kwa nani?
Jibu: Kwa aliyemwita, kwa atakayenunua, kwa mtoto achezaye sakafuni, na kwa fundi wa kesho atakayeufungua mlango ule na kuona kila alichokiacha ndani yake.